Kompyuta ya Kuzamia Niliyoichagua Mwenyewe

Jumatano. Asubuhi mvua, sasa jua, na mie nimekaa barazani kwangu hapa Mkoani na simu mkononi. Naandika kwa kidole kimoja. Herufi nyengine nazitafuta mpaka simu inazima. Skuli sikukaa sana, lakini la kuandika leo ninalo.

Nimenusurika kuachwa kwenye boti.

Kwa asiyenijua, mie ndiye mzamiaji mkongwe kuliko wote upande huu. Nawashusha wageni na mitungi yao mgongoni kuangalia matumbawe. Mwamba wa mbele ya kisiwa cha Makoongwe naujua kama chumba changu, na wageni wakirudi kwao wananitaja mie, hawamtaji mwengine. Si majisifu, waulizeni.

Sasa Bi Rukia, mkuu wetu wa uzamiaji, wiki iliyopita katoa amri. Anayeongoza wageni sharti avae kompyuta yake ya kuzamia mkononi. Asiyevaa atakaa juu na nahodha apokee mitungi. Anasema hewa tunayovuta chini inaingia kwenye damu, na ukipitisha muda wako huwezi tena kupanda moja kwa moja, utapooza. Kompyuta inakuhesabia dakika zilizobaki.

Nikamwambia kompyuta yangu mie ni masikio. Yakibana hivi ni mita kumi, yakibana vile ni ishirini.

"Na dakika je, Mzee Kombo? Masikio yanakwambia na dakika?"

"Basi nitashuka ubavuni kwa Hamadi. Yeye anayo. Moja inatutosha."

"Haiwi. Damu yako si damu ya Hamadi. Ukishuka chini yake mita mbili tu, hesabu si moja tena. Kila mtu na yake."

Hamadi ni mzamiaji mwenzangu. Alikuwa pembeni anajikuna kichwa, na hawashwi, ila alitaka niione ile yake mkononi.

Mie nipokee mitungi. Mie, niliyewafundisha kuogelea nusu ya hawa.

Bi Rukia alikuwa na kompyuta mbili za kuchagua. Moja nyembamba, inang'ara, rangi chungu nzima, ukiivaa utadhani unakwenda kuposa. Ya pili jidude jeusi, nene, lina tarakimu chache tu na mkanda wake ni kamba ya mpira. Akaniambia nichukue moja nikaizoee nyumbani, Jumatano tutashuka wawili anitazame.

Nikachukua inayong'ara, tena bila kufikiri. Mtu wa daraja yangu havai jidude.

Jana nikenda nayo msikitini alasiri, mkono wa kanzu nimeukunja ili watu wasipate tabu ya kuiona. Nikatia udhu. Kifungo cha mkanda kigumu, sikuivua, nikaizungusha tu maji yapite chini yake. Kumbe kompyuta ya namna ile ikiroa inaamka yenyewe. Inajua tumeshaingia baharini.

Tuko kwenye sijida, ikaanza. Ti, ti, ti.

Safu nzima imeinamisha vichwa na kitu kinalia chini ya kidevu changu. Nikaibana kwa mkono wa pili, ndiyo kwanza ikapandisha sauti. Tulipotoa salamu Maalim akageuka, uso mkavu.

"Mzee Kombo, umefika mita ngapi?"

"Bado niko juu, Maalim."

"Basi subiri tumalize dua, halafu ndiyo uzame."

Walicheka mpaka wazee wa safu ya mbele. Sikukasirika. Nusu yao walinifuata nje kuja kuishika, na mie nikawaeleza mambo yake yote, na niliyokuwa siyajui nikawaeleza vilevile.

Leo sasa. Tumeshuka kwa kamba, Bi Rukia na mie, maji meupe mazuri. Chini akagusa mkono wangu: kina gani? Nikamwonyesha kwa vidole, kumi na nane. Akatazama yake, akakubali.

Nilipata. Lakini sikusoma. Masikio ndiyo yaliyonitajia.

Akagusa tena, safari hii kwenye dakika zilizobaki. Nikaisogeza ile kompyuta karibu na uso. Nikaipeleka mbali. Nikanyoosha mkono mpaka mkono ukaisha. Zile tarakimu ni sisimizi watupu, na kila sisimizi ana rangi yake.

Sikuwa na kidole cha kuinua.

Hili sijamwambia mtu. Macho yangu ya karibu yamekwenda. Nchi kavu ninayo miwani ya kusomea, lakini haikai ndani ya miwani ya kuzamia, nimeshajaribu. Na nilikuwa naogopa nikilisema, mwisho wangu ni kwenye boti na mitungi yao.

Juu ningempiga maneno mpaka asahau alichouliza. Chini ya maji maneno hayapo. Bi Rukia akangoja. Kisha akanyanyua mkono wake wa pili, kumbe lile jidude jeusi kalivaa yeye, akaniwekea mbele ya uso.

Arubaini na saba. Kubwa, nyeupe, imetulia.

Nikamwonyesha nne, nikamwonyesha saba. Nikiwa bado natazama ikawa arubaini na sita. Nimeiona dakika yangu inaondoka. Miaka yote hii masikio hayajanitajia hata moja.

Tulipopanda kwenye boti nikasema mie nachukua lile jeusi.

"Hii nyembamba ina rangi nyingi mno," nikasema. "Itawakimbiza samaki."

"Kweli, Mzee wangu," akasema Bi Rukia. "Samaki hawapendi rangi."

Najua kwamba anajua. Hakusema, na Mungu amlipe kheri.

Nikamuuliza kama hili nalo litalia nikitia udhu. Akasema haliamki mpaka nilibonyeze mwenyewe, na mkanda wa mpira unauvua kama bangili. Hamadi akalitazama mkononi mwangu akaniambia nimevaa sahani ya pilau. Nikamjibu yeye kavaa kifungo cha shati.

Kisha Bi Rukia akasema mbele ya wote: "Kesho wageni sita. Mzee Kombo unatangulia."

Kwa hiyo nimelivaa mpaka sasa, nakaa nalitazama, nalisoma bila miwani. Nimekata shauri moja. Kesho zikibaki dakika kumi nageuza wageni wangu tunapanda, hata akitokea kasa mkubwa namna gani, hata masikio yaniambie bado. Kubishana nimezoea kubishana na watu. Mbele ya tarakimu nitaweza kunyamaza?

Nitaweza. Mie nikikata shauri nimekata.