Hereni za Ng'ombe Wangu

Mjukuu wangu Nkwimba,

Marahaba. Huku Samuye tu wazima, dengu zimeota, na mama yako mguu umepona. Umeniuliza kutoka Geita kwa nini nilimfukuza bwana mifugo na hereni zake za kielektroniki.

Alinieleza vizuri. Hereni haina betri. Ina namba tu, na mashine ikisogezwa karibu na sikio la ng'ombe, namba inasomeka pamoja na jina la mwenye ng'ombe. Nikamuuliza, "Na hilo jina nani kalisema?"

"Si wewe mwenyewe, bibi."

Nikamwambia ashike njia yake.

Nilipokuwa msichana, ng'ombe wetu mwekundu aliibwa. Wiki iliyofuata, mnadani Mhunze, tukaona mwekundu mwenye mkato kama wa ukoo wetu sikioni. Baba akalishika lile sikio, wazee wakalitazama, wakatukabidhi ng'ombe. Mimi niliyekuwa nikimkamua wetu kila asubuhi nilimwita jina lake. Hakugeuka. Mwanamke mmoja nyuma yetu akaita jina lingine, na ng'ombe akageuza shingo. Nilimwona baba ameona. Wote wawili tukanyamaza.

Huyo ndiye aliyezaa zizi hili lote, Nkwimba, pamoja na wale waliouzwa ili usome.

Bwana mifugo atarudi Jumatatu, na safari hii sitamfukuza. Mashine yake itasoma kila sikio na kusema ng'ombe ni wa kwangu. Ndiyo maana siiamini.

Ni mimi bibi yako.