Siingii Kaya Kabla ya Kuoshwa

Jumatatu, 2 Juni
Nimechuma pamba hadi mgongo ukaomba likizo, na mwenyewe niko likizo. Mistari mitano. Shule ilinishinda, pamba hainishindi. Ipililo nzima hakuna mkono mwepesi kama huu, anayebisha aje na gunia lake.

Chakula nimeletewa bandani kwa jirani, michembe ya viazi vikavu na maziwa. Siku ya sita sasa. Kwetu mwanamume aliyeua vitani haingii kaya ya baba yake, wala hashiki mtoto, kabla hajaoshwa dawa. Limi wangu ana miezi minne. Alizaliwa niko Kongo. Nimemwona kwa ng'ambo ya zizi tu.

Baba hataki kuita mganga. Anasema dawa ni ya waliopigana. Sisi, anasema, tulikwenda Kongo kugawa biskuti.

Jumatano, 4 Juni
Bariadi, kumnunulia Limi kofia. Bodaboda wa stendi wamenipokea: "Mwangaluka, Afande Biskuti. Umetuletea kopo la biskuti?" Wanasema kule wanajeshi wetu wanakaa getini na kofia za bluu, wanakula kuku, vita wanapigana Wakongo wenyewe. Mmoja kaapa picha kaiona.

Picha ni yangu. Niliituma mwenyewe, natabasamu, nagawa biskuti, watoto wamenizunguka. Na kwenye simu nilimwambia mama kazi yetu ni kuogelea ziwani, nikamwimbia na Kilingala, ili alale usingizi.

Nimecheka kuwazidi wote. Kisha nimenunua kofia, ya rangi yoyote ila bluu.

Alhamisi, 5 Juni
Nimewasimulia baba na ba'mdogo. Kwamba sisi tulitumwa kuwafuata waasi hukohuko kilimani kwao, siyo kuwasubiri. Nikaweka mizinga, nikaweka mvua, nikajiweka mimi mbele ya kikosi.

Ba'mdogo kacheka hadi kashika mbavu. "Huyu ndiye aliyempiga kiboko kofi kule Nyashimo."

Kweli, niliwahi kusema hivyo. Baba naye kacheka. Kosa langu: nimesimulia vizuri mno.

Ijumaa, 6 Juni
Mke wangu Minza kaja hadi ukingo wa zizi, mtoto mgongoni. Hapigi kelele, ndiyo maana namwogopa.

"Baba Limi, kama una nyumba nyingine huko Kongo, sema. Mtoto wako humgusi, unasingizia vita ambayo hukupigana."

Kaka zake wanakuja Jumapili kumchukua, yeye na mtoto.

Nimeumia. Nina hasira na watu wote, mimi wa kwanza. Lakini siingii. Nikimshika kwa mikono hii halafu akapatwa na jambo, nitamweleza nani? Dawa nitaipata. Kesho.

Jumamosi, 7 Juni
Nimemfuata baba anakamua. Nimesimama nje ya zizi. Mizinga nimeiacha. Mvua nimeiacha. Nimesema alikuwa kijana, alikuwa amechuchumaa anafunga kamba ya buti, nikampiga risasi, akafa.

Baba kauliza, "Alianguka akitazama wapi?"

Nikasema alikuwa ananitazama mimi.

Hakucheka. Kakamua hadi kamaliza. Kaweka kibuyu chini taratibu. "Ng'wanone, mwanangu, usitoke hapo." Kachukua baiskeli, kaenda kwa mganga bila hata kunawa.

Nimebaki nimesimama hapohapo. Mguu ukafa ganzi. Sikutoka.

Jumapili, 8 Juni
Tumemaliza mapema, mtoni, kwenye maji kidogo yaliyobaki. Dawa ni ya baridi, chungu hata puani. Ba'mdogo alikuwepo. Aliuliza kama basi hata biskuti ilikuwa uongo. Nimemwambia biskuti tuligawa, Jumanne. Kilimani tulipanda Jumatano.

Mashemeji walikuja. Baba aliwakalisha akazungumza nao mwenyewe. Wamekula ugali, wamerudi kwao bila dada yao.

Nimeingia ndani. Limi ni mzito kuliko nilivyodhani. Minza kasema nilegeze mkono, huyo si bunduki.

Nimelegeza.