Mama, Hapa Karanga Simu Inashika

Shikamoo Mama.

Nakuandikia nikiwa Karanga, kambi ile niliyokuwa nakupigia simu kila safari ya mlimani. Wageni wamekula mchana na kujifungia kwenye mahema yao wapumzike. Wagumu, wapagazi wetu, wamejilaza kwenye mawe wanaota jua. Mimi nimemaliza kuwapima wageni hewa ya damuni kwa kile kidude cha kubana kidole, nikatoka na simu mkononi hadi kwenye jabali la ukingoni. Miguu ilinipeleka yenyewe. Nikatazama, mtandao umeshika, na ndipo nikakumbuka kwamba sina wa kumpigia.

Nilisimama pale kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.

Ningeweza kumpigia Hashimu, lakini unamjua mwanao. Simu ikiita anauliza, "Dada, kuna nini?" Yeye anaamini simu ni ya tatizo. Wewe ndiye uliyepokea simu isiyo na sababu. "Umekula?" Hilo lilikuja kabla hata sijamaliza kukuamkia. Halafu uliuliza habari za baridi. Nilipokwambia maji ya kwenye ndoo yameganda, ulimwita Mama Zuhura kutoka uani kwake: "Njoo usikie! Huko kwa Somoe maji yanavunjwa kwa jiwe!" Nikawa nasikia mnacheka wawili, na mimi huku nacheka peke yangu, wagumu wananishangaa.

Basi nimerudi hemani nikaomba karatasi kwa mpishi.

Hema langu ni dogo, nalala peke yangu. Katika kundi letu mimi ndiye gaidi, kama tunavyowaita huku waongoza wageni, mwanamke pekee safari hii. Wanaume wanalala wanne wanne, wanabanana, wanataniana hadi usingizi uwachukue. Wengi wao ni watu wa hukuhuku Kilimanjaro, wakichoka wanarudi kwenye lugha yao. Siwalaumu. Mtu akichoka hurudi kwao. Mimi nikichoka Kimakonde changu kinabaki mdomoni. Zamani nilikuwa nakitua kwako, hapa hapa Karanga. Juzi niliteleza nikagonga goti, nikasema neno lile ulilokuwa unasema ndoo ikikuponyoka, na hakuna aliyegeuka.

Kazi ni ileile. Asubuhi tunapita hema kwa hema na chai, tunaweka mabeseni ya maji ya moto nje. Nawauliza wageni kama kichwa kinauma, kama wamelala, kama wamekwenda chooni. Ulicheka sana siku nilipokwambia kwamba kuwauliza watu wazima habari za choo ni sehemu ya kazi yangu. Wakishakunywa uji tunaanza kutembea, taratibu, mguu mmoja mbele ya mwingine, wagumu wanatupita na mizigo kichwani. Tukifika kambini tunakuta mahema yameshasimama, bisi na chai mezani. Jioni supu. Kesho yake tena.

Hukuwahi kuielewa kazi hii, na sikuwahi kukukasirikia kwa hilo. "Huko juu wanachuma nini?" uliniuliza mara ya kwanza. Nikasema hawachumi kitu, wanafika, wanapiga picha, wanashuka.  Kisha ukasema, "Sisi tulipanda kutoka bondeni na ndoo kichwani, tukifika juu tuna maji. Hao wakifika wana nini?" Nimewahi kuwasimulia wageni swali lako, Mama. Wengine wanacheka. Mmoja, mzee, hakucheka. Alitembea nalo kutwa nzima.

Sasa nataka kukueleza siku ile, maana hakuna mwingine niliyemweleza yote.

Tulikuwa kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele. Mchana. Simu ya kiongozi wetu, Baba Neema, ndiyo iliyoita, kwa sababu yangu ilikuwa imezima kwa baridi. Nilimwona anasikiliza, anavua kofia. Akaja mpaka niliposimama na kunipa simu. Alikuwa Hashimu, analia kama alivyokuwa analia utotoni, bila haya. Akasema ulikuwa shambani unaokota korosho, ukasema kichwa kinakuuma, ukakaa chini ya mkorosho. Walikukimbiza hospitali. Hukurudi.

Nilimwambia mningoje. "Mwambie Mjomba mningoje, Hashimu, nashuka sasa hivi." Mjomba Bakari akaichukua simu. Sauti yake ilikuwa ya upole nisiyomzoea nayo. "Somoe, maiti hangojeshwi. Tunamsitiri kesho baada ya adhuhuri. Usijivunje miguu kwa kukimbia, mpwa wangu, hutafika."

Baba Neema aliniketisha kwenye jiwe. Akasema, "Binti yangu, niambie unataka nini. Ukitaka kushuka, nakupa mtu wa kukushusha, nasi tutajua la kufanya."

Nilipiga hesabu ya njia. Kushuka hadi getini, kufika Moshi, basi la Dar es Salaam, basi la kusini, Lindi, Masasi, kupanda uwanda wa juu, Newala, mpaka kwetu Mnyambe. Hata ndege wa angani asingefika kesho adhuhuri. Na nilikuwa na mgeni wangu, Bibi Helga, mwalimu mstaafu aliyekuwa na hofu tangu siku ya kwanza. Alitembea akishika mkoba wangu kwa nyuma, kama kipofu. Nikishuka ningekuwa nashuka kwenda wapi, Mama? Kwenye basi, nikae dirishani wakati wanakufukia? Nikasema nitapanda. Baba Neema hakunisifu wala hakunikataza. Alimwita mpishi aniletee chai, akakaa na mimi mpaka nikaimaliza.

Tuliondoka alfajiri, maana wageni wetu walikuwa watu wazima na Baba Neema hakutaka kuwapandisha usiku. Nililia njia nzima. Ukiwa umevaa miwani ya jua na kufunika uso kwa skafu, unaweza kulia mbele za watu bila mtu kujua. Lakini skafu iliposhuka, Bibi Helga aliona chozi limeganda shavuni. "Somoe, macho yanakuuma?" Nikamwambia ni vumbi. Nikamhesabia pumzi, nikamwambia aweke mguu hapa, sasa hapa. Kokoto za kule zinateleza, unapanda hatua moja unarudi nusu. Nilikuwa nasikia sauti yangu inamtuliza, nikajiuliza hii sauti inatoka wapi. Nadhani ilikuwa yako. Ndivyo ulivyokuwa unaniongoza kupanda kutoka bondeni nikiwa na kidumu changu kidogo: "Usitazame juu, mwanangu. Tazama kisigino changu."

Tulifika kileleni jua likiwa limepinda kidogo. Wenzetu wakashangilia, wakakumbatiana. Nilijua huko nyumbani sasa wanakutoa. Nikamwambia Bibi Helga, kwa Kiingereza changu cha kazini, kwamba mama yangu anazikwa saa hii, naomba aniache kidogo. Nikasogea pembeni. Maji yalikuwa barafu tupu, nikapiga viganja kwenye vumbi, nikatayamamu, nikakuswalia hapo nilipo, peke yangu, kwa ninachokijua. Kama nilikosea mahali, Mola ameona. Upepo ulikuwa unanisukuma. Kisha ukaacha kunisukuma. Nilipomaliza nikakuta Bibi Helga amesimama upande unaotoka upepo, amenigeuzia mgongo, ametanua koti lake kama mtu anayezuia moto usizimike.   Nilimshika mkono tukaanza kushuka, na kwenye picha zao za kileleni sisi wawili hatumo.

Nilifika Masasi bado nimevaa viatu vya mlimani. Sikuwa nimebadilisha chochote. Kijana wa bodaboda alitazama viatu, akatazama macho yangu, akauliza, "Dada, msibani?" Nikaitikia.  Tulipita Chiungutwa, watu wanaanika korosho, tukaanza kupanda uwandani, na kifua changu kikaona hewa ni nyingi mno. Nilikuwa nimezoea kuivuta kwa taabu.

Mlangoni nikasema shikamoo, Mama. Nilisema kwa mazoea, kabla sijaona nani yuko ndani. Watu wote ukumbini wakageuka. Mama mdogo Fatu ndiye aliyeinuka, akanishika kichwa, akakilaza begani kwake. Yeye ndiye aliyekuosha. Alinieleza taratibu, kila kitu, kwa sababu alijua nahitaji kujua: kwamba ulikuwa mwepesi, kwamba uso wako ulikuwa umetulia, kwamba ule udongo wa shambani ulikuwa bado kwenye kucha zako na wakauondoa ukucha mmoja mmoja. Akanipeleka kaburini. Udongo ulikuwa umeshaanza kukauka juu. Nilitaka kuukuta umelowa.

Nilibaki mpaka arobaini, na baada ya arobaini nikabaki tena kumsaidia Hashimu kumaliza korosho. Nililala kitandani kwako. Alfajiri nikisikia mtu anafagia kwa jirani nilidhani ni wewe, na kwa muda mfupi mno, Mama, nilikuwa mtu mwenye mama.

Siku ya kuagana Mjomba Bakari aliita kikao. Akasema mbele ya wote kwamba nyumba ya mama ni ya binti, ndivyo tulivyo sisi. "Kaa. Ukiondoka, hii itarithiwa na popo."

Nikasema, "Mjomba, kazi yangu iko huko."

"Kazi ya kuwabeba Wazungu?"

"Siwabebi. Natembea nao."

Watu wakacheka, naye akacheka, lakini hakuwa amefurahi. Akasema mwanamke asiye na mume wala mama, akiumwa huko juu atafunikwa na nani?   Nilisema tu kwamba nilianza kwa kubeba masufuria ya watu, nikabeba mahema, nikasoma kwa shida mpaka nikaitwa gaidi, na kwamba wewe uliuza kitenge chako cha harusi ili ninunue koti la kwanza. Nikikaa chini sasa, nitakuwa nimelivaa bure. Mama mdogo akasema, "Mwacheni aende."  Halafu Mjomba akasema Hashimu atapulizia salfa mikorosho yangu mwaka huu, lakini paa la nyumba ni langu kulitunza, na paa halitunzwi kwa simu.

Kwa hiyo niko hapa tena. Walinipokea vizuri. Baba Neema amenipa kundi langu mwenyewe la wageni wanne, mara ya kwanza. Ningekupigia kukwambia hilo. Ungeuliza kama nimekula.

Sitakudanganya kwamba nimezoea. Upweke wa huku juu si kwamba watu hawapo, kambi imejaa watu. Ni kwamba hakuna hata mmoja anayejua nilikuwa mtoto wa nani. Huko nyumbani hata wanaonisengenya wanajua. Hapa mimi ni Somoe gaidi, mpole, hodari, anayetabasamu. Wakimaliza supu wanasema asante Somoe, wanafunga zipu ya hema, na mimi nafunga yangu.

Lakini kazi naifanya, Mama. Asubuhi nilimrudisha mgeni mmoja chini. Kijana mwenye nguvu, alitaka kubisha, lakini midomo ilikuwa imebadilika rangi na alikuwa anayumba. Alinitukana. Nikamwachia aseme, nikampa watu wawili wa kumshusha. Muda mfupi uliopita wamepiga simu: amefika chini, anapumua vizuri, amekula. Mama yake popote alipo hajui kama kuna kilichotaka kutokea. Nimefurahi, na hii ndiyo furaha ya kwanza niliyoipata tangu uondoke. Nilitaka uijue.

Wananiita, inabidi niwaeleze wageni safari ya kesho.

Mama, ahadi yangu ni hii. Mwezi wa Ramadhani hautanikuta mlimani. Nimeshamwambia Baba Neema, amekubali. Nitashuka nije Mnyambe. Najua nitapiga hodi kwa mazoea na hakuna atakayeitika, basi nitafungua mwenyewe. Nitapandisha mafundi paani. Nitafagia uwanja, nitapika uji wa kufuturu kwenye sufuria kubwa, si ile ya mtu mmoja, na Mama Zuhura atakuja, na Hashimu na watoto wake, na Mjomba ataweka fimbo yake mlangoni akilalamika kwamba chumvi imezidi. Nikisikia mpita njia amechelewa kufika kwake na adhana imemkuta barabarani, nitatoka nje nimwite. Akiuliza hapa ni kwa nani, nitamwambia ni kwa Mama Somoe, karibu ndani.

Pumzika, Mama. Mola akupanulie hapo ulipo.

Mwanao,
Somoe