Ufunguo wa Gari Nnao Mimi

Mwanangu Haroub, huko Maskati,

Sote wazima. Paka wako kazaa kitandani kwangu, wala hakuomba ruhusa.

Lile gari lako la mashindano, mwanao Nassra kaliingiza uwanjani Makunduchi, nami ubavuni kama bwana harusi. Mzunguko wa nne breki zikanuka kama chungu kilichoungua. Kona iko mbele, akakanyaga, mguu ukazama hadi chini.

"Babu, hazishiki."

"Kanyaga, achia, kanyaga. Shusha gia. Usinitazame, mie si mzuri."

Tukaikata kona nusu tuko majanini. Alitaka kusimama hapo hapo. Nikamwambia azunguke polepole, upepo uzipoze. Tuliposimama, fundi Kheir kaja na ndoo ya maji, kama anavyoyafanyia malori.

"Kamwagie mkeo," nikamwambia. "Chuma cha moto hiki, kitapasuka."

Breki ya mkono nayo nikaikataza, isije ikaganda. Nikatia makubadhi yangu chini ya gurudumu.

Haroub, mafuta ya breki yalichemka. Lete mapya, yale ya mashindano. Nassra anataka kurudi Jumamosi na haya haya. Ufunguo nimeufunga kikoini, na siku hizi napewa shikamoo hata nikiwa chooni.

Babaako asiye na makubadhi,
Shaame