Tarehe Kumi na Tisa Imerudi Tena

Mji wa Meksiko,
14 Oktoba 2022

Kwako kaka yangu Nabor,

Salamu nyingi zikufikie huko Mérida, zikukute mzima na joto likiwa halijakumaliza. Huku sote hatujambo. Mama anakula vizuri, magoti yanamsumbua kama kawaida, na anakusalimu sana. Nakuandikia kwa sababu tangu Septemba ianze hupokei simu, nami sikulaumu.

Najua umesikia kwamba ardhi ilitetemeka tena. Tetemeko la mwaka themanini na tano lilimchukua Baba nikiwa bado tumboni. La elfu mbili na kumi na saba likamchukua mkeo Reyna pale kwenye karakana ya ushonaji. Na mwaka huu tena, tarehe ileile, kumi na tisa Septemba. Watu wamechoka hata kushangaa. Bi Cuca wa ghorofa ya chini anasema Mungu ana kalenda moja tu, na ukurasa wake umekwama.

Asubuhi tulikwenda misa ya marehemu wetu, kama kila mwaka. Mchana vipaza sauti vya mtaani vikalia, tukashuka kwa lile zoezi la kila mwaka la kujihami na tetemeko, mimi na mimba yangu ya miezi tisa, Bi Cuca na kasuku wake. Akanitania kwamba kwa tumbo lile nitaziba ngazi tufe wote. Tukacheka, tukapanda, Mama akabandika maharage.

Haikupita saa, vikalia tena. Mama hakuinuka. Alisema wajinga hao wamesahau kuzima mitambo yao, na kwamba magoti yake yameshafanya zoezi la leo. Nilipomsihi tushuke, akaniambia nimwache achambue mchele wake. Mara taa ikaanza kubembea. Hapo ndipo aliponishika mkono, lakini tulikuwa tumeshachelewa, tukajibanza mlangoni. Kaka, sikuhisi kitu. Nilitazama maharage yakimwagika nikawaza nani atadeki.

Jengo halikuanguka. Chupa yangu ndiyo iliyopasuka palepale, na kabla jua halijazama nikajifungua mtoto wa kike.

Mama hakutaka kumpokea. Alimuuliza nesi kwa nini hawakumzuia mpaka kesho. Nesi akadhani ni utani, akacheka peke yake. Siku hizi Mama anamwogesha na kumwimbia, ila kwake yeye mtoto huyu amezaliwa tarehe ishirini. Majirani wote kawaambia hivyo, na anasema hata karani wa vizazi akibembelezwa vizuri ataandika ishirini. Mume wangu Fermín akaniambia nimkubalie tu bibi wa watu, nyumba iwe na amani. Nikaona sawa. Kila kitu nilikiona sawa. Nilimnyonyesha mtoto, nikambadilisha nepi, bila furaha wala uchungu, kama niliyeachiwa mtoto wa jirani. Hilo sijamwambia mtu ila wewe.

Sasa nikueleze lililonikalisha kuandika. Jana nilikwenda ofisi ya usajili, mimi na mtoto tu. Karani, kijana mchangamfu, akaniuliza tarehe. Ishirini ilikuwa imeshafika mdomoni, haki ya Mungu, lakini nikasema kumi na tisa. Akaguna, akasema siku zote zilizopo, dada, na mtoto akachagua hiyo! Kisha akauliza jina. Mimi na Fermín tulikubaliana Imelda. Nikasema Reyna.

Nilipolitamka nikaangua kilio, mpaka watu wa foleni wakanipisha kiti. Mkeo alikuwa shoga yangu, Nabor. Tangu tumzike sikuwahi kumlilia, ninyi mlilia na mimi nikapika chakula cha wageni. Jana nilimlilia. Nilipomaliza nikamtazama mtoto, nikaona ana masikio yako, na nikaogopa sana asije akapatwa na lolote.

Fermín amenuna kwa ajili ya jina. Mama bado hajui, wala la tarehe wala la jina, na peke yangu siwezi kumwambia. Nisamehe kwamba sikukuomba ruhusa. Ubatizo ni mwezi ujao, nakuomba uje uwe baba yake wa ubatizo. Kama jina hilo litakuuma, mwite upendavyo, lakini uje.

Bi Cuca anakusalimu, na Fermín pia, ingawa kanuna. Jitunze, ule vizuri.

Ni sisi wako,
dada yako Otilia,
na Reyna, wa tarehe kumi na tisa.