Alama Mgongoni mwa Koti Lako

Oldham,
Jumanne, 7 Novemba 2017

Mdogo wangu Lorraine,

Habari za huko Toronto? Na goti, bado linakusumbua kwenye ngazi? Sisi huku wazima, ila mimi usingizi sipati tangu wiki iliyopita, na sababu yake ndiyo imenifanya nikuandikie badala ya kupiga simu.

Makumbusho ya mji yanafungua maonyesho ya miaka arobaini ya muziki wa panki, zile kelele zetu za ujanani, Jumamosi hii. Sisi tuliofukuzwa madukani kama mbwa, leo viatu vyetu vibovu vimo kwenye kabati la kioo! Ungecheka. Imogen, binti anayesimamia, aliniomba nihutubie, eti bendi yetu ilipiga kwenye matamasha ya kupinga ubaguzi na vijana wengi walijifunzia siasa pale. Nikakubali, kichwa kikavimba.

Halafu akanionyesha picha ya ukutani. Ni ile iliyotoka gazetini. Wewe, miaka kumi na saba, umeipa kamera mgongo, nywele zimesimama, na kwenye koti ile alama ya Hitler kwa rangi nyeupe. Wameikuza hadi darini. Akauliza msichana huyu ni nani, maana wanataka jina chini yake. Nikasema sikumbuki. Akacheka, akasema, we mzee, msichana mwenye koti kama hilo anasahaulika kweli?

Yaliyofuata picha ile unayajua. Baba, ambaye kaka yake hakurudi kutoka vita vya Hitler, alikutupia begi barabarani akasema hana binti Mnazi. Ulilia, ukaapa hukujua kuna kitu mgongoni. Akakuambia usimfanye mjinga. Mpaka leo unaamini ni wahuni wa ukumbi wa muziki waliolichora koti likiwa limetundikwa.

Lorraine, nilichora mimi. Nilichora jikoni kwetu, kwa rangi ya madirisha aliyobakiza baba mwenyewe. Siku zile alama ile tuliivaa kuwaudhi wazee tu, akili zetu hazikwenda mbali zaidi, nikaona itachekesha. Begi lako lilipotupwa nilikuwa mezani nakula chipsi, nikanyamaza. Niliogopa langu lisije likafuata. Na siku ile baba anakata roho alinishika mkono akauliza, hivi yule mtoto nilimkosea nini hata akanifanyia vile? Nikamfunika blanketi vizuri. Nikamwambia apumzike.

Leo asubuhi nimemweleza Imogen yote. Jina lako sikulitoa, hilo utaamua wewe. Lakini chini ya picha wataandika kwamba msichana huyu hakujua amevaa nini, na aliyechora ni kaka yake, jina langu kamili. Hotuba wamempa mtu mwingine.

Msalimie shemeji Gordon na wajukuu. Na binti yako Karen, aliyelelewa akiambiwa babu yake alikuwa katili, mwambie babu alidanganywa, na aliyemdanganya ni huyu huyu mjomba anayemtumia kadi kila Krismasi.

Kaka yako,
Clive