Udongo Niliouandika Mkavu

Shangani, 2 Julai 2024

Shangazi Kidawa,

Shikamoo. Goti linasemaje na kipupwe hiki? Mie mzima wa mwili, moyo ndio haujatulia.

Karakana yetu hutengeneza vifungo vya nguo kwa gundi ya maganda ya korosho. Rangi ya magome ya mkandaa peke yake ilipauka, basi Bi Muzna, mkuu wetu, akataka tuichanganye na udongo mwekundu ulioniletea. Vifungo vikatoka na mapovu, vinanata kama halua. Bi Muzna anasema Mzee Machano, mpishi wetu wa gundi, kaipika vibaya. Jumamosi atamwachisha kazi.

Lakini daftari la sampuli nashika mimi. Niliandika "udongo mkavu" kwa kuugusa tu, na sasa nahisi ulikuwa na maji ndani, ndiyo yaliyoleta mapovu. Nikisema, nitafukuzwa mimi.

Mwanao,
Ayoub

Makunduchi, 3 Julai 2024

Ayoub mwanangu,

Marahaba. Goti halijambo, huuma pale tu vyombo vinaponingoja.

Sie wafinyanzi tunaujua udongo huo: juu mkavu, ndani una maji. Ndiyo maana chungu hupasuka motoni. Uloweke katika maji ya mkandaa, uanike siku tatu, kisha uukaange mpaka kioo ukikishika juu yake kisipate mvuke. Hapo ndipo uusage. Kioo unacho, najua unavyojitazama.

Hilo la daftari sina dawa yake. Sema kabla ya Jumamosi. Ukifukuzwa, kitanda chako kipo, na kuni za kupasua zipo.

Shangazi yako,
Kidawa

Shangani, 21 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Natumai mu wazima nyote hapo nyumbani. Unisamehe kimya changu.

Ile Ijumaa nilisema, mbele ya Mzee Machano mwenyewe. Bi Muzna akaniuliza, "Umelijua tangu lini?"

"Tangu Jumatatu, Bi."

"Na siku zote hizo ukimwamkia mzee wa watu."

Hakunifukuza. Daftari kampa mwenzetu Nassra, mimi kanipeleka kukaanga udongo. Mzee Machano akaanza kuniita Karani wa Jikoni.

Vifungo vipya vimeganda, vigumu, vyekundu sawasawa. Tumevichemsha na sabuni, havikuchuja.

Leo asubuhi Mzee Machano kaniita nijifunze kuipika gundi yenyewe. Moshi wake unawasha macho. Kanishika bega, akanisimamisha upande ule usiopata moshi, yeye akasimama huu wa moshi.

Mwanao,
Ayoub